Shamba la miti eka 30 na trekta moja: ufunge zana gani nyuma?

Masika yakishakatika tu, simu yangu haipumui. Mmoja anapiga kutoka Muscat, mwengine Dar es Salaam, mwengine yupo hapa hapa Wete, na swali ni lile lile: shamba la marehemu mzee limeota mwitu, trekta ipo au iko njiani, ninunue zana gani? Nimejibu kwa sauti za WhatsApp mpaka koo limekauka. Leo naandika. Ukiniuliza tena nitakutumia hii.

Nawaandikia wenye mashamba makubwa ya miti ya huku kwetu Pemba: eka 15, 20, 40, mara nyingi ni zile eka tatu tatu za baada ya Mapinduzi ya 1964 ambazo ukoo umeziweka pamoja. Mikarafuu ya zamani, minazi, miembe, mifenesi, mivinje mpakani, na katikati yake kichaka kinachomficha mtu mzima. Wenzetu wa magharibi ya Unguja mtaona mengi yanakuhusuni. Wa maweni, yaani Micheweni na mashariki ya Unguja, nitawataja pahala penu.

Neno moja kabla ya yote. Ukiingia kwa muuzaji wa zana, kitu cha kwanza kukuonesha ni plau, kwa sababu ndiyo inayonunuliwa zaidi. Wewe mwenye miti hulimi. Wewe unafyeka, unabeba na unavuta. Ukishika hayo matatu, nusu ya maswali yako yamekwisha.

Uwe na nini kabla hujaanza

- Ruhusa. Kwetu ardhi inaweza kuwa ya huyu na mti ukawa wa yule, kwa hivyo ulizia kila mti ni wa nani kabla chuma hakijaingia. Kama kuna mti wa kukatwa, anza kwa sheha, kisha Idara ya Misitu. Mkarafuu haukatwi bila kibali hata ukiwa wako mwenyewe, hata kama umekauka na unaona ni kuni tu.
- Kitabu cha trekta, au angalau picha ya kibati chake chenye modeli na nambari.
- Futikamba ya mita 5, ubao ulionyooka wa mita 2, na chupa ya maji.
- Vitambaa vyekundu vya kufunga kwenye miti na vijiti.
- Mtu anayelijua shamba. Si lazima awe jamaa. Mchumaji wa miaka mingi anakutosha.
- Fedha ya akiba ya visu, boliti na grisi. Spea ikikosekana Chake Chake, itasubiri meli.

Hatua ya 1: Litembee shamba kwa miguu

Usiende na muuzaji. Nenda na yule mtu wako, asubuhi, na vitambaa mkononi.

Pima nafasi kati ya mti na mti. Mikarafuu ya zamani ilipandwa kwa nafasi ya futi 20 hadi 30, na kwa mahesabu hayo trekta inapita bila taabu. Lakini tangu hapo watu wamejaza miche kwenye mapengo, migomba imeota, na mnazi mmoja umeanguka ukaota pembeni. Kwa hiyo usipime nafasi ya wastani, pima ile nyembamba kuliko zote unayolazimika kupita. Iandike.

Angalia juu pia. Matawi ya mkarafuu hushuka chini na ni mepesi kuvunjika. Trekta yenye ekzosi iliyosimama itakwangua matawi mstari mzima, na kila tawi linalovunjika ni karafuu zako.

Funga kitambaa kwenye kila kisiki, shimo, kisima cha zamani na jiwe. Na makaburi. Mashamba yetu mengi yana makaburi ya wazee ndani ya kichaka, mengine hayana hata ukuta, ni mawe mawili tu. Muulize mwenyeji wako kabla hujauliza kitu chengine chochote.

Kisha pima miteremko. Pemba ni vilima na mabonde, na hapa ndipo watu wanapokufa. Weka ncha moja ya ubao wa mita 2 chini, upande wa juu wa mteremko. Inyanyue ncha ya pili mpaka maji kwenye chupa iliyolazwa juu ya ubao yaonekane yamelala sawa. Pima kutoka ncha hiyo hadi ardhini. Ikizidi sentimita 50, hapo trekta haiendi. Ni kazi ya mundu na panga. Ikiwa chini ya hapo, trekta ipande na kushuka moja kwa moja, isikate mteremko kwa ubavu. Na udongo wetu mwekundu ukinyeshewa, hata sentimita 30 ni nyingi.

Hatua ya 2: Ijue trekta uliyonayo

Nguvu inayotangazwa, zile nguvu za farasi (HP), ni ya injini. Inayofika kwenye PTO, ile shafti inayozunguka nyuma, ni pungufu, kama asilimia 85 hivi. Trekta ya HP 50 hesabu ina 42.

Spidi ya PTO kwa zana zetu ni mizunguko 540 kwa dakika, na shafti yake ina meno 6 na unene wa inchi 1 na 3/8. Trekta kubwa huwa na 1000 pia. Zana ya 540 ukiifunga kwenye 1000 utaivunja siku hiyo hiyo.

Nyuma ya trekta kuna mikono mitatu ya kufungia zana. Pima matundu ya ile miwili ya chini. Pini ya milimita 22 ni kategori 1, ya 28 ni kategori 2. Zana ya kategori 1 inaweza kufungwa kwenye mikono ya kategori 2 kwa kuvisha bushi. Kinyume chake usijaribu.

Halafu uliza kuhusu klachi. Trekta nyingi kuukuu zina klachi ya hatua moja: ukikanyaga, gia na PTO vinakatika pamoja. Tatizo ni kwamba visu vya slasha, ile zana ya kufyekea inayofungwa nyuma, ni vizito na vinaendelea kuzunguka kwa nguvu yake, na nguvu hiyo inarudi kwenye giaboksi na kuisukuma trekta mbele hata umekanyaga. Ukiwa mbele ya mkarafuu, trekta itaugonga. Dawa yake ni kifaa kidogo kinachovishwa kwenye shafti kinachoruhusu nguvu iende upande mmoja tu. Si ghali. Ukiwa na trekta ya aina hiyo, kinunue siku ile ile unayonunua slasha.

Hatua ya 3: Slasha, na uichague vizuri

Hii ndiyo zana yako ya kwanza. Ikiwa una fedha ya kitu kimoja tu, ni hiki.

Upana: hesabu HP 5 za PTO kwa kila futi ya upana, na kwa kichaka ongeza kidogo. Trekta ya HP 50 inaendesha slasha ya futi 6 kwenye majani na nguvu ikabaki, lakini kwa mwitu wetu mimi nachukua ya futi 5. Watu hawanisikilizi hapa. Wanataka pana ili wamalize haraka, kisha wanapita kati ya mikarafuu wanachuna magome pande zote mbili. Rudi kwenye ile namba uliyoiandika: toa mita moja kutoka nafasi yako nyembamba, inayobaki ndiyo upana wa juu kabisa wa kitu chochote unachokokota.

Ukiipata inayoweza kusogezwa pembeni, ikajitokeza nje ya gurudumu la kulia, ichukue hata ikizidi bei. Inaingia chini ya matawi huku wewe na trekta mmebaki nje.

Visu viwe vya kuning'inia kwenye pini, vinavyojikunja vikigonga kisiki. Chini ya giaboksi pawe na sahani ya mviringo ili slasha ipande juu ya kisiki na kuteleza. Pande zake ziwe na viatu vya chuma vinavyobadilishika. Mbele na nyuma pawe na minyororo ya kuzuia vitu kuruka. Kama haina minyororo, mwambie fundi aiweke kabla hujaifanyia kazi.

Kwenye shafti inayounganisha PTO na slasha kuna kinga ya aina mbili: boliti laini inayokatika, au klachi ya msuguano. Boliti ni rahisi, unaikata na kuweka nyengine, lakini kwenye shamba lenye visiki utakata kumi kwa siku. Klachi ni bora, ila kwa hewa yetu ya chumvi na unyevu inashikana kwa kutu, na ikishashikana si kinga tena. Kila mwanzo wa msimu legeza springi zake, izungushe mpaka iteleze, kisha kaza tena kwa kipimo cha kitabu.

Slasha ya kawaida inakata shina la unene wa inchi moja mpaka mbili. Zaidi ya hapo tanguliza vibarua na panga, na hapa sikiliza sana: waambie wakate usawa wa ardhi na wakate bapa. Kibarua akikata kimshazari anaacha kigutu kilichochongoka kama mkuki, na tairi la nyuma la trekta si kitu cha kununua kila mwezi. Mimi nilitobolewa matairi mawili asubuhi moja, na kosa lilikuwa langu, sikuwaambia.

Pita mara ya kwanza slasha ikiwa juu, sentimita 20 au 25. Rudi mara ya pili kwa sentimita 10. Usishushe mpaka chini. Mizizi ya mkarafuu inayokula iko juu juu, na shina likichunwa ni mlango wa maradhi.

Watu wakae mita 100. Si mzaha. Nazi kavu iliyojificha kwenye majani ikipigwa na kisu inatoka kama risasi. Okota nazi, makumbi na mawe kwanza. Na ukiona upupu uliokauka umetanda kwenye kichaka, subiri siku ya mvua ndogo au ukate kwa mkono ukiwa umejifunika, kwani slasha itakurushia vinyweleo vyake vyote usoni.

Wa maweni: slasha kwenu ni kumaliza visu. Mawe yaliyochomoza hayana huruma. Bora fedha yenu iende kwenye tela na vibarua.

Hatua ya 4: Tela

Watu huisahau, kisha ndiyo wanayoitumia siku zote. Msimu wa karafuu ukifika utabeba magunia, majamvi, maji, ngazi na watu wa kambi. Msimu ukiisha utabeba mbolea, kuni, nazi na mawe ya kujazia njia.

Tela ya ekseli moja ya tani 2 au 3 inatosha na inageuka kirahisi kati ya miti. Sehemu ya uzito hukaa juu ya ndoano ya trekta, na hilo linasaidia magurudumu ya nyuma kushika. Ile ya magurudumu manne iachie barabara. Iwe na breki, maana kushuka kilima cha udongo mwekundu na tani 3 zinakusukuma mgongoni ni jambo la kulihadithia ukipona. Shuka kwa gia ndogo uliyoitia tangu juu.

Na watu wasipande juu ya mzigo. Najua tutaendelea kupanda. Nimesema.

Hatua ya 5: Kuvuta magogo

Mti umeanguka bondeni, kibali unacho, unataka gogo lifike njiani. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni mnyororo. Ni rahisi na kwa magogo machache kwa mwaka unatosha. Unafungwa kwenye ndoano ya chini ya trekta, na chini tu. Ukiufunga kwenye mkono wa juu au kwenye ekseli, gogo likikwama kwenye kisiki trekta inanyanyuka mbele na kukupindukia mgongoni. Haichukui sekunde mbili. Hutapata nafasi ya kukanyaga klachi.

Ya pili ni winchi inayofungwa kwenye mikono mitatu na kuendeshwa na PTO. Kwa trekta ya HP 40 mpaka 50, winchi ya tani 3 yenye waya wa mita 50 inafaa. Ubora wake kwa vilima vyetu ni kwamba trekta inabaki juu pahala palipo sawa na gogo linakuja lenyewe. Huingii bondeni, huharibu udongo wa mpunga wa mtu, huponzi miche. Shusha bamba lake lizame ardhini kwanza. Vuta kwa mstari ulionyooka na trekta. Asisimame mtu ndani ya kona ya waya wala karibu yake, na vaa glavu za ngozi, kwa sababu waya mkuukuu huwa na miiba.

Ni ghali. Kama huvuni miti kila mwaka, kodi au shirikianeni watu watatu wanne.

Hatua ya 6: Kilicho mbele

Kijiko cha mbele ni kizuri kwa mbolea, kifusi na kutengeneza njia. Ukibadilisha ndoo kwa uma wenye makucha ya juu, unanyanyua matawi na makuti lundo zima bila kuzoa udongo. Lakini kijiko kikipakia mbele, nyuma inakuwa nyepesi, na trekta nyepesi nyuma haina breki wala mshiko wa maana. Weka uzito nyuma. Njia rahisi ni kujaza maji robo tatu ya matairi ya nyuma, valvu ikiwa juu. Wenzetu wa nchi za baridi huchanganya chumvi maalumu ili yasigande. Sisi maji matupu yanatosha.

Mashine ya kusaga matawi wengi huniuliza. Kwetu matawi ni kuni na makuti ni paa. Sijaona shamba Pemba ambalo takataka zake zilishindwa kupata mwenyewe.

Usinunue

Plau, haro na rotaveta kwa ajili ya kupita chini ya mikarafuu. Unakata mizizi ile ya juu, na mti unadhoofika taratibu mpaka unafikiri umerogwa. Kama una kipande cha muhogo au mpunga, kodi siku hiyo.

Hatua ya 7: Shafti

Zana mpya mara nyingi huja na shafti ndefu kuliko inavyohitaji trekta yako. Usiilazimishe. Funga zana bila shafti, inyanyue na ishushe, utafute pahala ambapo umbali ni mfupi kuliko wote. Hapo shafti iliyofungwa yote lazima ibakishe sentimita 2 au 3 za kusogea. Kisha angalia umbali mrefu kuliko wote: mabomba mawili ya shafti yawe yamepandana si chini ya theluthi moja ya urefu wake. Shafti ikiwa ndefu mno, kata mabomba yote mawili kwa kipimo sawa pamoja na vifuniko vyake vya plastiki, piga tupa, pakaza grisi.

Vifuniko hivyo visitolewe. PTO ya 540 inazunguka mara 9 kwa sekunde moja. Kanzu, kikoi, kanga, hata kamba ya kofia ikinaswa, huna muda wa kupiga kelele. Usiruke juu ya shafti inayozunguka. Zima, teremka, zunguka.

Mambo yakienda kombo

*Slasha inatetemeka sana.* Kisu kimoja kimevunjika, kimechakaa kuliko mwenzake au kimejikunja na kukwama. Zima injini, toa ufunguo, nyanyua na uweke gogo chini yake kabla hujaingiza mkono. Visu hubadilishwa jozi.

*Majani yanalala, hayakatiki.* Unakwenda mbio au injini iko chini ya spidi ya 540. Shuka gia moja, panda mafuta. Kama bado, visu vimebutuka au vimefungwa kinyume.

*Boliti inakatika kila saa.* Angalia kwanza kama unakata vinene kupita kiasi. Kama sivyo, angalia pembe ya shafti unaponyanyua; ikipinda sana inajikata yenyewe. Usiweke boliti ngumu zaidi. Utahamishia kuvunjika kwenye giaboksi, na giaboksi hainunuliwi Chake.

*Trekta inanyanyuka mbele ikipanda kilima na slasha.* Weka uzito mbele, au panda kwa kurudi nyuma.

*Injini inachemka.* Karibu kila mara ni mbegu na vumbi la majani limeziba wavu wa rejeta. Safisha kila unapopumzika kwa Adhuhuri. Usimwagie maji baridi injini ikiwa moto, na usifungue kifuniko cha rejeta.

*Shafti inapiga kelele ukinyanyua slasha.* Misalaba ya viungo vya shafti imekauka grisi, au umenyanyua juu kupita kiasi PTO ikiwa inafanya kazi. Grisi kila baada ya saa 8 za kazi. Ikiendelea kulia baada ya grisi, msalaba umekwisha. Usisubiri ukatike ukiwa mteremkoni.

*Mavu.* Hili halimo kwenye kitabu chochote cha trekta. Ukigonga mti wenye kiota chao, usizime trekta ukakimbia. Zana inaendelea kuzunguka na wewe huoni unakokwenda. Kata PTO, tia gia, ondoka nayo.

*Mikarafuu inachakaa miezi kadhaa baada ya kufyeka.* Chimba kidogo pembeni mwa njia ya magurudumu. Udongo ukiwa umeshikamana kama tofali, wewe umepita mara nyingi mno udongo ukiwa na maji. Badilisha njia, acha majani yaliyofyekwa yaoze hapo hapo, na mwaka ujao usiingie mpaka udongo ukiufinya kiganjani uvunjike badala ya kunata.

*Muuzaji hajui kategori wala upana wa zana yake.* Pima mwenyewe kwa futikamba kabla hujatoa fedha. Kama hakuruhusu upime, rudi nyumbani.